Baiskeli mkiani mwa tela: kilo chache, kishindo kikubwa

Mwaka 1947 mwendesha baiskeli wa Ufaransa, Alfred Letourneur, alipigwa picha akilikokota tela la kulala kwa baiskeli yake. Tela lenyewe lilikuwa la Airstream, la alumini inayometa, na picha ilipigwa kwa ajili ya biashara: wanunuzi waone kwamba tela hilo ni jepesi kiasi cha kusogezwa na miguu ya mtu mmoja. Letourneur naye hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Mwaka 1941, huko Bakersfield, California, alifikia mwendo wa kilomita 175 kwa saa juu ya baiskeli, akiwa amejikinga na upepo nyuma ya gari la mashindano. Umbo lake akiwa ameinamia usukani, tela likimfuata, baadaye likawa nembo ya kampuni.

Siku hizi baiskeli ndiyo inayobebwa. Kila Ijumaa ya kiangazi barabara kuu za Marekani na Kanada hujaa magari yanayovuta nyumba ndogo za magurudumu, na nyuma ya nyingi kati ya hizo kunaning'inia baiskeli mbili, tatu, hata nne. Kwa mwenye safari, kuzifunga pale huonekana kazi ya nusu saa: nunua keria, kaza bolti nne, pandisha baiskeli, washa gari. Ila pale alipozifunga, mwisho kabisa wa tela, ndipo mahali pagumu kuliko pote pa kuweka mzigo. Baiskeli hiyohiyo ikisogezwa mita chache mbele, tatizo karibu lote huisha.

Wanaosafiri hivi wana sababu nzuri ya kutaka baiskeli. Ukishaliegesha tela kambini na kuliunganisha na maji na umeme, hutaki kuendesha gari kubwa kwenda kununua mkate. Na baadhi ya mahali pazuri pa kutembelea hapafikiki vizuri kwa gari. Katika Hifadhi ya Taifa ya Acadia, jimbo la Maine, kuna takriban kilomita 72 za barabara za changarawe alizojenga tajiri John D. Rockefeller Jr., na magari ya injini hayaruhusiwi humo. Huko Missouri, njia iitwayo Katy Trail, iliyotandikwa juu ya tuta la reli ya zamani, ina urefu wa zaidi ya kilomita 380. Katika Hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, barabara ya bondeni hufungwa kwa magari binafsi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wageni hupanda mabasi ya hifadhi, au baiskeli zao.

Kwa hiyo baiskeli lazima zifike. Swali ni zikae wapi njiani.

Hesabu ya mvuta mkokoteni

Mvuta mkokoteni wa Kariakoo au Gikomba anaijua fizikia ya jambo hili bila kuisomea. Magunia yakirundikwa nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni huinuka na kumnyanyua. Yakirundikwa mbele mno, mikono humwelemea mabegani. Anachotafuta ni uzito kidogo tu wa kuelemea mbele, wa kuufanya mkokoteni umfuate kwa utiifu.

Tela la kulala ni hivyohivyo. Lina ekseli moja au mbili karibu na katikati, na mbele lina shingo: pembetatu ya chuma inayofungwa nyuma ya gari linalovuta. Kanuni inayofuatwa Marekani ni kwamba shingo hiyo iligandamize gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Chini ya hapo tela huanza kuwa na akili yake.

Tuchukue mfano wa tela la kilo 2,500, ambalo shingo yake ina kilo 300, yaani asilimia 12. Hapo ni pazuri kabisa. Tuseme kutoka katikati ya ekseli hadi kwenye kiungio cha gari ni mita 4.5, na kutoka ekseli hadi bampa la nyuma ni mita 3. Sasa mwenye tela anafunga keria ya kilo 26 na baiskeli mbili za umeme, kila moja kilo 27. Jumla ni kilo 80, na kitovu cha uzito huo kiko sentimita 60 nyuma ya bampa, au mita 3.6 kutoka ekseli. Zidisha 80 kwa 3.6, kisha gawanya kwa 4.5. Shingo imepoteza kilo 64. Zimebaki 236, na tela sasa lina kilo 2,580. Hiyo ni asilimia 9 na ushei.

Mzigo ulioongezwa haufiki hata asilimia 4 ya uzito wa tela, lakini umelitoa kwenye eneo la usalama. Kama tangu mwanzo shingo ilikuwa na asilimia 10 tu, jambo la kawaida pale ambapo tangi la maji liko nyuma na limejazwa, hali ni mbaya zaidi.

Matokeo yake hayaonekani mjini. Yanaonekana kwenye barabara kuu, lori refu linapolipita tela na kulisukuma kwa upepo wake, au kwenye mteremko mrefu. Tela hupiga mkia: kushoto, kulia, kushoto. Mwendo ukiwa mdogo, kuyumba huko hufifia kwenyewe baada ya mara mbili tatu. Ukivuka kiwango fulani, ambacho hutofautiana kati ya tela na tela, kila myumbo huwa mkubwa kuliko uliotangulia, na ndani ya sekunde chache tela linaweza kuliburuta gari lenyewe nje ya njia.

Baiskeli za mkiani huchochea mambo hayo kwa njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kuipunguzia shingo uzito. Ya pili ni kwamba mzigo ulio mbali na ekseli, ukishaanza kuzunguka, hukataa kusimama. Hapa umbali huzidishwa kwa wenyewe: ukiusogeza mzigo mara mbili mbali zaidi, ukaidi wake unakuwa mara nne. Kilo 80 zilizowekwa sakafuni juu ya ekseli karibu hazina athari yoyote kwa myumbo. Kilo zilezile zikiwa mita 3.6 nyuma ni pigo linalosubiri upepo.

Dereva aliyekwishakumbwa na hali hiyo hushauriwa asikanyage breki za gari kwa nguvu na asipambane na usukani. Aondoe mguu kwenye mafuta, aushike usukani uelekee mbele, na kama gari lina kifaa cha kuziwasha breki za tela peke yake kwa mkono, akitumie polepole. Tela likivutwa nyuma na breki zake lenyewe, hunyooka.

Bampa lililotengenezwa kuhifadhi bomba

Shida ya pili ni chuma chenyewe. Sehemu kubwa ya nyumba za magurudumu za Amerika Kaskazini hutengenezwa ndani na kandokando ya Elkhart, jimbo la Indiana, mji unaojiita makao makuu ya dunia ya sekta hiyo. Viwanda vya huko hushindana kwa wepesi, maana tela likiwa jepesi huweza kuvutwa na gari dogo, na wateja huongezeka. Chuma huwekwa pale kinapohitajika na hupunguzwa kwingine.

Bampa la nyuma ni mfano mzuri. Kwenye matela mengi ni bomba la mraba la upana wa inchi 4, takriban sentimita 10, lenye kuta nyembamba, lililochomelewa kwenye ncha mbili za fremu. Ncha zake hufunikwa kwa vifuniko vya plastiki, kwa sababu kazi yake kubwa ya kila siku ni kuhifadhi bomba la kutolea maji machafu. Mara nyingi tairi la akiba nalo hufungwa hapohapo, na tayari ni mzigo.

Keria ya baiskeli hailigandamizi bampa hilo kuelekea chini tu, bali hulipinda. Kilo 80 zinazoning'inia sentimita 60 nyuma yake hujaribu kulizungusha bomba kama spana inavyozungusha nati, na nguvu yote hiyo huishia kwenye milia miwili ya kuchomelea. Mlia ukipasuka, haupasuki kwa kishindo. Ufa huanzia kwenye kona, huendelea kilomita baada ya kilomita, rangi huuficha, kutu huufuata. Siku chuma kinapoachia, vinavyobaki barabarani ni keria, baiskeli, bampa na tairi la akiba, vyote mbele ya gari la mtu asiyehusika.

Ndiyo maana watengenezaji wengi wa matela huandika katika vitabu vya maelekezo kwamba bampa lisifungwe kitu zaidi ya tairi la akiba, au huweka kikomo kidogo cha uzito. Anayefunga keria bila kukisoma kitabu hicho huenda pia anaitupa dhamana ya fremu yake.

Wapo wanaouza vyuma vya kuliimarisha bampa: pande mbili za bati nene zinazolikumbatia bomba na kufungwa kwa bolti kwenye fremu. Husaidia, kwa maana kwamba mlia ukipasuka bampa halidondoki. Haviliongezei bomba unene wala haviondoi kupindwa. Ni mkanda wa usalama tu, na havitoi ruhusa ya kuongeza mzigo.

Mkia hutikisika kuliko gari

Swali linaloulizwa sana ni hili: keria yangu imebeba baiskeli nne nyuma ya gari miaka mingi bila tatizo, kwa nini isibebe mbili nyuma ya tela?

Jibu liko kwenye springi. Gari dogo lina springi laini na shokapu za kuzituliza, na bampa lake la nyuma liko karibu na magurudumu. Tela la kulala lina springi ngumu za mabapa, au ekseli za mpira, na mengi hayana shokapu kabisa. Halafu mkia wake uko mita 2 au 3 nyuma ya magurudumu. Gurudumu likipanda juu kidogo kwenye kiungo cha daraja, mkia hupaa zaidi, kisha hushuka kwa nguvu, kisha hupaa tena. Mzigo unaosoma kilo 80 kwenye mzani huweza, kwa kufumba na kufumbua, kukivuta chuma kwa nguvu mara kadhaa ya hiyo. Na hilo hurudiwa maelfu ya mara kati ya asubuhi na jioni. Chuma huchoka kwa kurudiarudia, hata pale ambapo hakuna pigo moja lililozidi uwezo wake.

Kwa sababu hiyo baadhi ya kampuni za keria hukataza kabisa bidhaa zao zisitumike kwenye matela. Nyingine hutoa vikomo viwili: kimoja cha gari, na kingine kidogo zaidi cha tela. Nyingine hutengeneza keria maalumu, zenye boriti nene zaidi na kikaza cha kuziba mwanya kwenye soketi ili keria isichezecheze. Maandishi hayo huwa kwenye karatasi ya maelekezo, si mbele ya boksi, na muuza duka hana lazima ya kukusomea.

Namna ya kuishika baiskeli nayo ina maana. Keria zinazoining'iniza kwa fremu, kwenye mikono miwili, huiacha ibembee. Mtikisiko wa tela huisugua rangi hadi ikatoka, na mikanda ya mpira hulegea. Keria za mtindo wa sinia, ambazo magurudumu hukaa kwenye mifereji na mkono mmoja huyagandamiza kutoka juu, huishika vizuri zaidi. Hata hivyo gurudumu la mbele na la nyuma yafungwe kwa mikanda ya nyongeza. Turubai la kufunika baiskeli ni la kambini. Barabarani huwa tanga, na upepo huliongezea bampa mzigo ambao hakuna aliyeupima.

Baiskeli za umeme zimeizidisha hesabu. Baiskeli ya kawaida ina kilo 10 hadi 15. Ya umeme kwa kawaida huanzia karibu kilo 20 na nyingi hukaribia 30. Keria iliyonunuliwa kwa ajili ya baiskeli nne za zamani huenda haitoshi kwa mbili za sasa, maana mbali na uzito wa jumla kuna kikomo cha kila mfereji. Kuzitoa betri na kuziweka ndani ya gari hupunguza kilo tatu au zaidi kwa kila baiskeli, na huzikinga betri zenyewe na mvua na mtikisiko.

Mahali panne pa kuziweka

Pa kwanza ni nyuma ya tela, ila kwenye soketi iliyofungwa kwenye fremu yenyewe. Hapa fundi huweka boriti ya kukatisha kati ya boriti mbili ndefu za chesisi, na katikati yake soketi ya mraba ya inchi 2 ya kuchomekea keria. Bampa huachwa lifanye kazi yake ya kuhifadhi bomba. Njia hii huondoa tatizo la chuma chembamba. Haiondoi tatizo la shingo kupungua uzito. Hilo litapimwa kwenye mzani.

Pa pili ni mbele, juu ya pembetatu ya shingo, karibu na mitungi ya gesi na jeki. Ulaya ndiko desturi hii ilikozoeleka, na kampuni kama Thule ya Sweden huuza keria za kukaa hapo. Kwa mfano wetu, kilo 80 zikikaa sentimita 60 tu nyuma ya kiungio, shingo huongezeka kwa kilo 69 na kufikia 369, ambayo ni asilimia 14 na kidogo. Tela litakwenda limenyooka. Lakini sasa ni zamu ya gari kuulizwa: kiungio chake kinaruhusiwa kilo ngapi, na springi zake za nyuma zina nafasi kiasi gani baada ya abiria na mizigo? Uingereza, ambako kanuni ya shingo ni asilimia 5 hadi 7 na magari mengi yana kikomo cha kilo 75 au 100 tu, keria ya mbele huweza kukimaliza kikomo chote peke yake. Kisha kuna suala la kona: gari likikunja sana wakati wa kurudi nyuma, usukani wa baiskeli unaweza kuvunja kioo cha nyuma cha gari. Hilo hupimwa uwanjani, polepole, mtu mmoja akiwa nje anaangalia pande zote mbili.

Pa tatu ni kwenye gari linalovuta. Pikapu ina nafasi nyuma ya kibanda. Gari dogo lina paa. Mzigo hapo hukaa juu ya ekseli za gari lenye springi nzuri na shokapu, na hauligusi tela kabisa. Kikwazo ni urefu wa kuinua baiskeli ya umeme hadi juu ya paa, na uwezo wa paa lenyewe. Anayevuta tela la aina ile inayokaa juu ya kitanda cha pikapu hana nafasi hiyo, kwa kuwa kiungio kimeichukua. Yeye ana nafuu nyingine: tela la namna hiyo hulielemea gari kwa asilimia 15 hadi 25, kwa hiyo kilo chache za mkiani hazilifanyi liyumbe kwa urahisi. Bampa lake, hata hivyo, ni jembamba vilevile.

Pa nne ni ndani ya tela, sakafuni, karibu na ekseli. Gurudumu la mbele huvuliwa, kanyagio hufungwa kitambaa, blanketi hutandikwa chini. Wengi hawapapendi kwa sababu ya matope na mafuta ya mnyororo. Kwa fizikia hapana mshindani, na wezi hawapaoni.

Kuna pa tano ambapo huuzwa lakini ni afadhali kupaacha: ngazi ya nyuma ya kupandia paani. Ngazi hiyo hushikiliwa na skrubu zilizoingia kwenye ukuta mwembamba wa alumini au nyuzi za kioo, na nyuma yake ni mbao nyembamba na povu. Skrubu zikilegea, mvua huingia, na ukuta huoza kwa ndani kabla ya mtu kugundua.

Kazi ya fundi

Anayechagua soketi ya kwenye fremu asimkabidhi kazi hiyo fundi asiyewahi kuona chini ya tela la kulala. Mahali pa kuanzia ni kutambaa chini na taa. Je, boriti ndefu za chesisi zinafika hadi bampani, au kiwanda kimeziishia mapema na kuunganisha vipande vyepesi ili kuufikisha ukuta wa nyuma? Kama ni vipande, soketi lazima ifuate mbele hadi kwenye boriti kamili.

Boriti nyingi za chesisi zina umbo la herufi I. Mabawa yake, la juu na la chini, ndiyo yanayostahimili kupindwa. Ubavu wa katikati huyashikanisha. Kwa hiyo matundu ya bolti hutobolewa ubavuni, karibu na katikati, na mabawa huachwa mazima. Bawa likitobolewa hukatwa pale ambapo nguvu ni kubwa kuliko kwingine. Bolti ziwe za daraja la juu, zenye washa pana na nati zisizolegea kwa mtikisiko. Palipo na nafasi, bati la kuongeza nguvu liwekwe upande wa pili wa ubavu ili tundu lisipanuke.

Kuchomelea kuna masharti yake. Betri za tela zitenganishwe kwanza, umeme wa mashine usije ukaunguza vifaa. Chini ya sakafu kuna karatasi ngumu ya plastiki, povu la kuzuia baridi, nyaya za taa na za breki, na bomba la gesi ya kupikia. Vyote hivyo vinaungua au kuyeyuka. Mitungi ya gesi ifungwe na kuondolewa. Rangi ikwanguliwe hadi chuma cheupe kionekane, na kama chuma kimepakwa zinki, zinki isagwe pia, kwa sababu mafusho yake humdhuru mchomeleaji na huufanya mlia kuwa dhaifu. Mwisho, rangi ya kuzuia kutu, ndani na nje. Tela hukaa msimu wa baridi uani, na barabara za kaskazini humwagiwa chumvi wakati wa theluji.

Fundi mzuri atauliza kabla ya kuwasha mashine: unataka kubeba kilo ngapi? Asiyeuliza anakadiria kwa macho.

Mzani, taa na matuta

Kazi ikiisha, tela lipimwe likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri, maji na vyakula vikiwemo. Marekani hili ni rahisi: vituo vingi vya malori vina mizani inayopima ekseli za mbele, za nyuma na za tela kwa pamoja, na Mkenya au Mtanzania anayeendesha lori huko anaifahamu vizuri. Pima gari pekee, kisha pima likiwa limefungwa tela. Ekseli mbili za gari zikijumlishwa, tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzito wa shingo. Kama umepungua, hamisha mizigo mizito ya ndani kwenda mbele, punguza maji kwenye tangi la nyuma, au hamisha baiskeli.

Safari ya kwanza iwe fupi. Simama baada ya kilomita chache, shika baiskeli na uitikise. Tela zima likitikisika pamoja nayo ni dalili njema, keria ikicheza peke yake si dalili njema. Kaza bolti. Simama tena baada ya kilomita 80 na ukaze tena, kwa maana chuma kipya hujipanga. Kila asubuhi ya safari, tazama kwa taa milia ya kuchomelea: mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi mpya ndiyo barua ya kwanza ya ufa.

Mwendo una sheria zake. California huweka kikomo cha maili 55 kwa saa, kama kilomita 88, kwa magari yanayovuta tela. Ujerumani ni kilomita 80, au 100 kwa matela yaliyoidhinishwa. Matairi mengi ya tela yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yamewekewa kikomo cha maili 65, yaani kilomita 105 hivi, hata pale sheria inaporuhusu zaidi.

Baiskeli pia hufunika taa na kibao cha namba. Uingereza mwenye keria hutakiwa kuongeza ubao wenye taa na namba, zile za asili zikifunikwa. Uhispania na Italia hudai kibao cha mraba cha sentimita 50 kwa 50, chenye milia myekundu na myeupe, kwenye mzigo unaojitokeza nyuma. Askari wa barabarani huko hawasikilizi hoja ya kwamba unapita tu.

Halafu kuna urefu. Keria huongeza karibu mita nzima nyuma ya magurudumu, na mita hiyo haimo kwenye mazoea ya dereva. Tela likikunja kona, mkia wake hutoka nje upande wa pili; nguzo ya kituo cha mafuta iliyokuwa ikikoswa kwa sentimita 30 sasa itapigwa. Kwenye mwinuko wa kuingilia kituoni, mkia hushuka na keria hukwangua lami.

Hili la mwisho wasafiri wa Afrika Mashariki watalielewa haraka. Matela ya kulala si mageni huku: msafara wa Airstream 41 ulioongozwa na mwanzilishi wa kampuni hiyo, Wally Byam, uliondoka Cape Town mwaka 1959, ukapita Afrika Mashariki na Ethiopia, na kufika Cairo mwaka uliofuata. Leo wapo wanaovuta matela ya kambi ya barabara mbovu kutoka Nairobi au Arusha kwenda mbugani. Kwao kila kijiji kando ya barabara kuu kina matuta, na barabara ya vumbi iliyojichonga mawimbi hutikisa chuma kwa saa nzima bila kupumzika. Keria iliyovumilia safari ya majira ya joto huko Ohio inaweza isimalize wiki moja kwenye njia hizo. Hapo pikapu ndiyo mahali pa baiskeli.

Kabla ya kulipa

Keria nzuri ya tela, pamoja na soketi na kazi ya fundi, ni fedha nyingi. Kabla ya kuzitoa, mwenye tela awe na majibu manne kwenye karatasi: baiskeli zake na keria zina kilo ngapi kwenye mzani; shingo ya tela ina kilo ngapi sasa na itabaki na ngapi; boriti za chesisi zinaishia wapi; na je, mtengenezaji wa keria ameandika wazi kwamba inaruhusiwa kwenye matela, na kwa uzito upi.

Majibu yote manne yakiwa mazuri, afunge na asafiri. Akikosa hata moja, ana sababu ya kutosha ya kuzipandisha baiskeli kwenye gari, au kuziacha nyumbani. Pembeni ya Acadia na kwenye miji ya njia ya Katy Trail kuna maduka ya kukodisha baiskeli, na kodi ya siku mbili ni ndogo kuliko gharama ya bampa jipya.